Udongo Uliotupwa Great Zimbabwe

Kwenye kipindi kilichopita tuliongea kuhusu vitu vilivyochukuliwa Afrika na kuwekwa makumbusho za Ulaya. Sanamu inaweza kurudishwa. Leo nataka tuongee kuhusu kitu kisichorudishika: udongo.

Great Zimbabwe ni mji wa mawe uliojengwa na mababu wa Washona bila saruji wala chokaa, jiwe juu ya jiwe. Wakoloni walipofika mwishoni mwa karne ya 19, hawakutaka kuamini. Eti ni kazi ya Wafoinike, au ya Malkia wa Sheba! Mwaka 1902 mwandishi wa habari mmoja, Richard Hall, akapewa kazi ya kuyatunza magofu yale. Kutunza kwake kulikuwa kuchimba na kutupa. Aliondoa udongo mwingi mno, kwa sababu machoni pake ulikuwa takataka za Waafrika zilizofunika kazi ya wageni.

Sasa, "takataka" hizo ndizo zilikuwa ushahidi wenyewe: sakafu za nyumba, majivu ya meko, vigae vya vyungu. Kigae kilicho chini ya ukuta kinakuambia nani alikuwepo kabla ukuta haujajengwa. Ukishakizoa na kukitupa, hakisemi tena. Gertrude Caton-Thompson alipokuja mwaka 1929, ilibidi atafute mahali ambapo bado hapajavurugwa. Alipopapata, alithibitisha kwamba wajenzi walikuwa Waafrika.

Hasara hii inatugusa na sisi wa pwani. Dhahabu ya bara ilipitia Sofala hadi Kilwa, na huko Great Zimbabwe imepatikana sarafu ya sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman. Nani ajuaye habari zetu ngapi zilizolewa pamoja na ule udongo?

Ni rahisi kumlaumu Hall na ubaguzi wake, halafu basi. Lakini hata mchimbaji mwangalifu anaharibu. Ni kama kusoma kitabu huku ukichoma kila ukurasa unaoumaliza. Mwaka 1902 hakuna aliyejua kwamba kipande cha mkaa kingeweza kupimwa umri wake. Njia hiyo ilikuja miaka ya 1940. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: chimba kidogo, andika kila kitu, na mengine waachie watakaokuja na vipimo ambavyo sisi hatuna.

Siku nyingine ukisikia wamechimba Kilwa au Gedi, usiulize tu wamepata nini. Uliza wamebakiza kiasi gani.