Wimbi Lisilovuka Mpaka

Katika mwezi wa Juni, mwaka 1915, meli zilizojaa askari wa jeshi la Waingereza ziling'oa nanga Kisumu, zikavuka Ziwa Victoria kwenda Bukoba, mji uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Shabaha yao kubwa ilikuwa kituo cha simu ya upepo, kilichopeleka habari bila waya. Vita vilipiganwa tarehe 22 na 23. Mji ukatekwa, na kituo kile kikabomolewa.

Lakini mitambo ya namna ile ilikuwa na adui mwingine asiyeshika bunduki, nayo ni kasoro ya mawimbi yake yenyewe. Simu za upepo za siku zile zilitumia cheche za umeme, na kila cheche ilizusha wimbi la ghafula lililofifia upesi. Msomaji, puliza filimbi, kisha piga kofi. Filimbi hutoa sauti moja iliyo wazi. Kofi ni mshindo uliochanganya sauti nyingi. Kadhalika wimbi fupi la ghafula halikai katika masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde liliyopangiwa, bali humwagikia masafa ya jirani na kuvuruga habari zake.

Baadaye zilipatikana taa za redio zilizoweza kutoa wimbi moja lisilokatika. Mwaka 1927 mataifa yalikutana Washington, yakakubaliana kuziondoa cheche hatua kwa hatua. Hata hivyo kasoro haikwisha: wimbi hilo nalo, likikatwa ghafula, humwagika. Dawa yake ni kuliacha lipande na kushuka pole pole.

Leo mvuvi wa Dunga, karibu na Kisumu, huweza kuuliza bei ya samaki kwa simu ya mkononi. Simu ya 4G hutumia mawimbi mengi membamba yaliyopangwa bega kwa bega na kukatwa vipande vifupi mno. Wahandisi huweza kulainisha ncha za kila kipande ili kisimwagike. Lakini kila faida ina gharama: ncha ndefu hula wakati ambao ungalibeba habari.

Kituo cha Bukoba kiliangushwa na silaha. Cheche ziliondolewa na mapatano, kwa kuwa anga ni shamba la wote, na kila mkulima hana budi kuujua mpaka wake.