Nguzo Zisizoonekana

Msomaji, ukimwuliza mwanafunzi wa Uholanzi lile jumba kuu la Amsterdam limesimama juu ya nini, huenda akakujibu kwa hesabu. Atatwaa siku za mwaka, 365, atie 1 mbele yake na 9 nyuma yake, apate 13,659. Hiyo ndiyo idadi ya nguzo za mbao ambazo, kwa mapokeo ya mji huo, zilipigiliwa ardhini kulichukua jumba hilo, lililoanza kujengwa mwaka 1648.

Wingi huo ulisababishwa na udongo. Chini ya Amsterdam mna matope na mabaki ya mimea iliyooza, na mchanga ulio imara haupatikani ila katika kina cha mita 12 hivi. Nguzo zilishindiliwa mpaka ncha zao zikaukanyaga mchanga huo. Mafundi wa zama zile hawakuwa na kipimo cha kujua nguzo moja ingeweza kubeba uzito gani. Walitazama tu jinsi ilivyokataa kuzama ilipopigwa. Basi wakazidisha idadi, na mimi siwalaumu. Asiyeijua nguvu ya nguzo moja ni heri apigilie mbili.

Kilichowazindua Waholanzi ni msiba. Tarehe 13 Septemba 1918, karibu na mji wa Weesp, tuta la reli lililolowa mvua liliporomoka treni ilipokuwa ikipita, na watu 41 wakafa. Maji yalikuwa yameingia tutani yakaudhoofisha udongo, wala jicho la mtu halikuweza kuliona jambo hilo kwa nje. Tangu hapo elimu ya udongo ilianza kushughulikiwa kwa bidii. Mwaka 1932 mhandisi Pieter Barentsen alibuni chombo chepesi: fimbo ya chuma yenye ncha mfano wa pia, ambayo husukumwa ardhini huku ukinzani wake ukipimwa. Miaka miwili baadaye maabara ya udongo ikaanzishwa mjini Delft. Kwa fimbo ile mhandisi aliweza kujua, kabla ya kupigilia nguzo hata moja, mchanga unaanzia wapi na una nguvu kiasi gani. Hapo ndipo idadi ya nguzo ilipoanza kutoka katika hesabu badala ya hofu.

Mitambo ya upepo ya kuzalisha umeme ilipoanza kusimamishwa katika nchi hiyo ya udongo laini, swali liligeuka. Jumba hukandamiza ardhi kwa uzito wake, mchana na usiku, pasipo kubadilika. Mtambo wa upepo si mzito sana ukilinganishwa na urefu wake. Shida yake ni kwamba upepo wataka kuupindua. Upepo uvumapo, nguzo zilizo upande unakotoka huvutwa juu, na zilizo upande wa pili hukandamizwa. Nguzo inayovutwa haipati msaada wowote kutoka kwa mchanga ulio chini ya ncha yake. Hushikwa na msuguano wa ubavu wake na udongo, basi. Tena upepo hugeuka, na mvuto huo hurudiwa mamilioni ya mara.

Umepata kuiona ngalawa ya wavuvi wetu wa pwani? Haiongezewi mawe ili isipinduke, bali hutiwa mirengu iliyo mbali na ubavu wake. Wahandisi hufuata njia iyo hiyo: nguzo hupangwa kwa duara karibu na ukingo wa msingi wa zege, mbali na kitovu, na mara nyingi huinamishwa kidogo kama miguu ya mtu aliyejitanua. Kwa mpango huo nguzo chache hufanya kazi ya nyingi. Faida yake si ya fedha tu, kwani saruji huchomwa kwa moto mkali na hutoa hewa chafu nyingi, nayo ndiyo hewa ambayo mtambo ulijengwa kuipunguza. Lakini zikipunguzwa kupita kiasi, mnara utainama.

Mtambo hukadiriwa kufanya kazi miaka 20 au 25, kisha hubomolewa. Nguzo zake aghalabu hubaki ardhini, na wahandisi sasa wanachunguza kama zaweza kuubeba mtambo mwingine. Zile za mbao za Amsterdam, kwa kuwa zimezama majini zisikofikiwa na hewa, hazijaoza, na jumba lingali juu yake.