STI ama Impreza ya kawaida? Safari Rally ilishajibu

Wasee, wiki hii binamu yangu ananiuliza kama auze ngamia watatu aongezee pesa, aache Impreza ya kawaida achukue STI. Hoja yake ni moja tu: "Warya, hiyo ilitengenezewa mashindano, lazima iwe bora." Hao ngamia ni wale waliobaki baada ya ukame wa 2020 hadi 2023, kwa hivyo hii si stori ya kijiweni. Kabla sijamjibu nikarudi kwenye historia yetu wenyewe.

Safari Rally ilianza 1953 ikiitwa Coronation Safari, na magari yaligawanywa kulingana na bei ya dukani. Wazo lilikuwa rahisi: chukua gari ambalo raia anaweza kununua, lipitishe Kenya, Uganda na Tanganyika, halafu tuone litakalorudi. Mwaka uliofuata Vic Preston alishinda na Volkswagen Beetle.

Twende 1975. Lancia wakaleta Stratos, gari lililochorwa toka mwanzo kwa ajili ya rally. Ndilo lililowapa ubingwa wa dunia 1974, 1975 na 1976. Hapa kwetu Sandro Munari alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa tatu. Mshindi? Ove Andersson, na Peugeot 504. Ndiyo, ilikuwa imeimarishwa, lakini mifupa yake ilikuwa ya gari la familia, Peugeot ile ile ambayo wazee wetu walisafiria.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Audi. Quattro ya kawaida ilikuwa na nguvu farasi 200. Mwaka 1984 wakatoa Sport Quattro: wakakata sentimita 32 kati ya tairi za mbele na za nyuma, wakapandisha nguvu hadi 306. Kwenye kona iligeuka haraka sana. Lakini gari fupi likienda kasi juu ya mashimo linarukaruka, refu linatulia. Kundi B likapigwa marufuku baada ya msimu wa 1986, na Sport Quattro haikuwa imeshinda Safari hata mara moja. Mwaka 1987 Audi wakaja na Audi 200, saluni ndefu, nzito, ya kubeba mabosi. Hannu Mikkola akawa wa kwanza, Walter Röhrl wa pili.

Najua mtaniambia kwamba 1987 wale wakali wa Kundi B hawakuwepo tena. Ni kweli. Tena 1984, 1985 na 1986 Safari ilichukuliwa na Toyota Celica Twincam Turbo, na hiyo nayo ilikuwa ya Kundi B. Kwa hivyo siwezi kusema toleo la mashindano halishindi. Lakini angalia lilivyoundwa: injini mbele, tairi za nyuma pekee ndizo zinasukuma, vitu vichache vya kuvunjika. Peugeot 205 T16, bingwa wa dunia 1985 na 1986, ilikuwa na nguvu kwenye tairi zote nne na bado haikushinda hapa.

Mimi naisoma hivi: gari "bora" ni bora kwenye barabara iliyolengwa. STI ina turbo, springi ngumu na breki kubwa, na kwenye lami safi yenye kona itaiacha Impreza ya kawaida mbali, sibishani. Lakini binamu yangu atabeba abiria kwenye mchanga wa kwenda Dadaab. Mwisho wa 2023 mafuriko yalikata barabara hapa Madogo, watu wakavuka kwa boti. Siku kama hiyo springi ngumu ingemsaidia nini? Na ikivunjika, spea atatoa wapi, na kwa pesa gani?

Nimemwambia achukue ile ya kawaida, abaki na ngamia wake. Bado hajanijibu. Wadau mnaoendesha njia hiyo, mwambieni pia.