Muhammad Ali Alipotumwa Dar es Salaam

Alfajiri ya Oktoba 30, 1974, saa 12 na ushee kwa saa za kwetu Singida, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman mjini Kinshasa katika raundi ya nane, akatwaa tena ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Hilo kila mpenzi wa ngumi analijua. Leo nazungumzia pambano lake jingine, lisilo na glovu wala mwamuzi, ambalo lilifanyika hapa hapa nchini, na akashindwa.

Februari 1980 Ali aliteremka Dar es Salaam akiwa mjumbe wa Rais Jimmy Carter. Majeshi ya Urusi yalikuwa yameingia Afghanistan, na Marekani ilitaka Afrika isusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Kupendwa, Ali alikuwa anapendwa sana. Lakini Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye. Tangu lini bondia akatumwa kwa Mkuu wa Nchi kuzungumzia vita na amani?

Waandishi wa habari nao wakambana. Mwaka 1976 Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikwenda kucheza kwa Makaburu, iliruhusiwa kushiriki. Filbert Bayi, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500 kabla ya hapo, alikosa mbio alizozisubiri kwa miaka. Je, Marekani ilisusia pamoja nasi? Na si Warusi waliowapa wapigania uhuru silaha?

Ali alikiri kwamba hayo hakuelezwa, na kwamba pengine alikuwa anatumiwa.

Mimi namheshimu zaidi kwa jibu hilo kuliko kwa ngumi iliyomlaza Foreman. Huyu ndiye aliyekataa mwaka 1967 kwenda kupigana Vietnam, akanyang'anywa ubingwa na kufungiwa zaidi ya miaka mitatu. Namna gani alikubali kubeba ujumbe wa serikali ile ile, sijapata kuelewa.

Kutoka hapa alikwenda Nairobi, ambako Rais Moi alikuwa upande wa Marekani. Tanzania ilikwenda Moscow. Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui fedha katika mita 5,000. Hatujapata nyingine ya Olimpiki tangu hapo. Ali alirudi ulingoni Oktoba mwaka huo huo, akapigwa na Larry Holmes.