Mizizi Iliyobaki Hai



Wapendwa katika Kristo, siku hizi tunasikia kwamba ardhi ya malisho ikiachwa irudi kuwa msitu, miti itavuta hewa ukaa, na kiasi kilichovutwa kitapimwa na kuuzwa kwa makampuni ya mbali. Kabla ya kupokea neno hilo hapa Maparoni, tuwasikilize ndugu zetu Wasukuma. Baadhi yao walifika Rufiji na ng'ombe wao baada ya wafugaji kuondolewa Ihefu mwaka 2006.

Wakati wa Waingereza, mapori ya Shinyanga yalifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba na wingi wa mifugo vikamaliza yaliyosalia. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili: kaya ilitenga sehemu ya malisho, ikaifunga masika, ikaifungua kiangazi kikikaza. Watu walipohamishiwa katika vijiji vipya miaka ya 1970, ngitili nyingi zilitelekezwa.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wataalamu walianza na vitalu vya miche, mingi ikiwa ya kigeni. Hatimaye walijifunza kwa wazee kwamba chini ya ardhi ile kavu mizizi ya miti ya asili ilikuwa ingali hai. Ilihitaji kupumzishwa tu. Ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi ziliongezeka hadi kuzidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Tutazame kilichotangulia. Msitu ulirudi kwa sababu kaya zilipata majani, kuni, dawa na asali, na kwa sababu dagashida, baraza la wananchi wenyewe, lilitunga sheria na kutoza faini. Jaribio la kupima hewa ukaa katika ngitili lilifanywa na TaTEDO, kwa fedha za Norwei, katika miaka ya 2010, msitu ukiwa umekwisha kurudi.

Huku kwetu historia ni nyingine. Mikoko ya delta ilifanywa hifadhi na Wajerumani mwaka 1898, na tangu hapo mwenyeji amezoea kuamriwa. Tangu 2022 nchi yetu ina kanuni za biashara ya kaboni. Ni jambo jema. Lakini Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' (171) ya mwaka 2015, alionya kwamba biashara hiyo yaweza kugeuka ulanguzi usiopunguza uchafuzi wa hewa. Basi kabla ya kutia sahihi tuulize: ng'ombe watakula wapi kiangazi? Na nani atakuwa na kauli juu ya msitu, bei ikishuka?

Tusome nyumbani Ayubu 14:7-9, tukikumbuka visiki vya Shinyanga. Fedha yaweza kuja na kuondoka. Wanaobaki na mti ni wale wanaoishi kando yake.

Mungu awabariki.