Tyler Stovall na Suala la Rangi katika Historia ya Ufaransa

Tyler Stovall, mwanahistoria Mmarekani mweusi, alizaliwa mwaka 1954 katika mji mdogo wa Gallipolis, jimbo la Ohio. Alisoma Harvard, kisha akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1984. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1990, kilihusu Bobigny, kitongoji cha wafanyakazi nje kidogo ya Paris kilichokuwa ngome ya wakomunisti. Suala la rangi lilikuja baadaye, likatawala kazi yake yote iliyofuata.

Jamhuri ya Ufaransa hujinadi kuwa haitazami rangi ya raia. Hata sensa yake haiwaulizi. Stovall alilipima dai hilo kwa kumbukumbu za Ufaransa yenyewe. Katika makala ya mwaka 1998 alichambua Vita Kuu ya Kwanza, ambapo vibarua zaidi ya laki mbili walipelekwa Ufaransa kutoka Algeria, Moroko, Tunisia, Indochina, Madagaska na China. Walitengwa kambini chini ya nidhamu ya kijeshi, na mwaka 1917 baadhi yao walishambuliwa mitaani na Wafaransa. Vita vilipokwisha, wengi walirudishwa makwao, ilhali wahamiaji wa Ulaya walipokelewa kuziba mapengo yaleyale viwandani. Huo ndio ushahidi wake wenye uzito mkubwa: ubaguzi haukuishia katika makoloni, ulifanya kazi ndani ya Ufaransa.

Kabla ya hapo, mwaka 1996, alikuwa ametoa *Paris Noir*, historia ya Wamarekani weusi waliohamia Paris, akina Josephine Baker na Richard Wright. Walipata heshima waliyonyimwa kwao, katika mji uleule ambamo Waalgeria walinyanyaswa na polisi.

Alifundisha Santa Cruz na Berkeley huko California, na mwaka 2017 akawa rais wa Chama cha Wanahistoria cha Marekani. Kitabu chake cha mwisho, *White Freedom*, kilitoka mwaka 2021. Humo anadai kwamba uhuru wenyewe, kama ulivyoelezwa Ufaransa na Marekani, ulijengwa kuwa mali ya weupe. Mfano wake mmoja ni Sanamu ya Uhuru ya New York, zawadi ya Wafaransa: minyororo iliyokatika imelazwa miguuni pake, mahali ambapo aliyesimama chini haioni kwa urahisi. Stovall alifariki Desemba ya mwaka huohuo.