Kiondo cha Machakos na swali la fundi

Wakamba hukiita kyondo. Mwanamke wa Masii au Mwala huanzia kitako: hupanga kamba zikutane katikati kama miale ya jua, kisha huzungusha nyuzi mbili, moja mbele na nyingine nyuma, zikipishana kwenye kila kamba. Uzi wenyewe husokotwa kwa kiganja juu ya paja. Kabla mkonge haujaenea, nyuzi zilitoka kwenye magome ya miti kama mbuyu.

Katika miaka ya 1970 na 1980 kiondo kilitiwa mikanda ya ngozi, kikavuka bahari, kikawa mkoba wa mitindo Ulaya na Marekani. Kisha vikaja viigizo vya bei nafuu kutoka Asia, soko likaporomoka. Uvumi nao ukaenea Kenya nzima kwamba kiondo kimesajiliwa kwa hataza Japani. Anayeurudia angefaa aonyeshe nambari ya hataza hiyo.

Maana hataza ina masharti. Sheria ya Kenya ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inauliza: fundi wa kazi hiyo, akijua yaliyotangulia, angeliona jambo hili ni la wazi? Akiliona hivyo, hakuna uvumbuzi.

Swali hilohilo liliisumbua Apple kuhusu hataza yake ya kutelezesha kidole ili kufungua simu. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Uingereza, katika kesi ya Apple na HTC, iliamua kwamba jambo hilo lilikuwa wazi, kwa kuwa simu ya Neonode ya Sweden ilishatangulia. Marekani, katika kesi ya Samsung, majaji watatu wa mahakama ya rufaa waliibatilisha hataza hiyo Februari 2016. Oktoba jopo kamili la mahakama hiyohiyo likaipa uhai tena.

Neonode ilikuwa na kijitabu cha maelekezo. Nyanya wa Masii alikuwa na mikono yake tu, na hapo ndipo palipouma: hadi Machi 2013, sheria ya Marekani ilihesabu matumizi ya ndani ya nchi hiyo, lakini ya ugenini ilitaka yaliyochapishwa au kupewa hataza. Ujuzi wa mapajani haukuhesabiwa.

Sheria ya Kenya huhesabu pia yaliyosemwa na yaliyotumika, popote duniani. Na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezipa kaunti kazi ya kuyasajili. Basi wewe mwenye nyanya anayesuka bado, keti naye jioni moja, uandike jina la kila msuko kwa Kikamba, upeleke Machakos mjini.